Noti za Shangazi Katika Kichekesho cha Kitaliano

Scarborough, Toronto
18 Novemba 1996

Mpendwa Shangazi Kalekye,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka kwenye baridi hii. Goti lako linaendeleaje? Mvua zimeshika huko Kangundo? Sisi hatujambo. Mume wangu Sam alilazwa na mafua wiki nzima, lakini sasa amerudi kazini.

Shangazi, nimeimba kwenye opera! Ni mchezo wa kuigiza ambao watu huimba maneno badala ya kuyasema. Wetu ni kichekesho cha Kitaliano cha zaidi ya miaka mia mbili, ambacho hata Waitaliano wengi hawajakiona. Mzee bahili anataka kumwoa binti anayemlea, naye binti ana mpenzi wake. Kikundi chetu kidogo cha hapa Agincourt kimekihamishia uwanja wa ndege wa siku hizi: mzee ni afisa wa forodha, na wapenzi wanajificha nyuma ya masanduku. Sisi wa kwaya tulikuwa wafagiaji. Hapo sikuhitaji kufundishwa, maana kufagia ndiyo kazi yangu kule mtaa wa Malton!

Muziki ndio ulionitoa jasho. Tuligawiwa karatasi za mistari na vitone, nami najua do-re-mi zako tu. Wiki tatu nilimfuatiza mwenzangu aliyesimama kando yangu, Mehrunissa, nikijifanya nasoma. Siku ambayo hakuja, nilifumbua mdomo tu bila kuimba. Mwalimu wetu Ornella, mama wa Kitaliano, akasimamisha piano.

"Katunge, mbona huimbi?"

Nilitaka kuchukua koti langu niende zangu. Badala yake nikasema kweli, nikamwonyesha daftari nilimokuwa nikiandika nyimbo kwa herufi zako, d, r, m, kadiri nilivyozisikia.

"Nani alikufundisha?"

"Shangazi yangu. Kwa chaki, kanisani."

Akaniambia kwao pia noti huitwa do, re, mi. Akaketi nami pale kwenye piano mpaka tukamaliza kurasa zote.

Jumamosi alasiri ukumbi ulijaa. Karibu na mwisho, karatasi za mpiga piano zikaporomoka, piano ikanyamaza, na kwaya ndiyo ilipaswa kuingia. Sijui ujasiri ulitoka wapi. Nikaikamata do, nikaanza peke yangu. Mehrunissa akafuata, kisha wote. Watazamaji walidhani ndivyo ilivyopangwa!

Nilipokuwa na miaka kumi na mitatu nilikuwa nikijificha kwenye mahindi nisije kwenye mazoezi ya kwaya yako, nawe ukinifuata huko huko bila kuchoka. Nilipanda ndege nikaondoka bila kukushukuru. Asante, Shangazi. Asante sana.

Tulipokuwa kwenye basi kurudi nyumbani, binti yangu Mumbua, ambaye hunijibu kwa Kiingereza tu, aliniegemea akasema, "Mama, na mimi nifundishe." Kwa Kiswahili, Shangazi! Jana tulianza na do-re-mi zako.

Nisalimie Mjomba Kyalo, Mwikali na wanakwaya wote. Mungu akuongezee siku, na akuachie sauti yako.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Katunge