Bia Ndani ya Mashine ya Zenteno

Wilma, uko? Shika simu. Hapa nilipo sijui nikasirike au nicheke.

Unamkumbuka Zenteno, mkuu wa ile maabara ya madini hapa Oruro? Ile mashine ya kupimia tuliyomuuzia kabla ya Kanivali imekufa. Nikatumwa mimi kuitengeneza. Nimeingia tu mlangoni, akanifokea mbele ya wafanyakazi wake wote: "Kampuni yenu inauza takataka, halafu inaniletea mwanamke! Wewe nenda kaoke vipai vya salteña ukauze sokoni."

SALTEÑA, Wilma!! Miaka kumi na mbili natengeneza mashine!

Nikatoa bisibisi, nikafungua kifuniko palepale mbele yao.

Harufu ya bia!! Na vikaratasi vya rangi vimegandia kwenye nyaya!

Jamaa aliibariki mashine kwa bia na vikaratasi, desturi yetu ya Jumanne ya Kanivali! Sawa, hata mimi gari langu nalimwagia bia siku hiyo, lakini kwenye magurudumu, si ndani ya injini!

Nikauliza kwa sauti, "Nani alimwaga?" Macho yote kwa Zenteno.

Akanivuta pembeni, adabu imemrudia ghafla: "Mama mhandisi, nakuomba, kwenye ripoti andika ni umeme."

Eti mama mhandisi!

Nikaandika: "Bia. Imemwagwa na mkuu wa maabara." Nikamsomea kwa sauti, wote wasikie. Nikampa kalamu. Akasaini, Wilma. AKASAINI.

Nikafunga mkoba wangu taratibu. Nilipofika mlangoni nikageuka:

"Bwana Zenteno, zile salteña nikuwekee ngapi?"