Nyasi za Bi Gulshan

Jumatatu, 28 Mei 2012

Tauni imeingia kwenye mashimo ya kindi wa mbugani, kusini mwa Saskatchewan, jirani kabisa na ardhi ya Bi Gulshan. Kasema mtafiti wa wanyamapori, nilipompigia simu kwa ajili ya gazeti, leo asubuhi. Mizoga imepimwa. Nimemuuliza mara mbili. Jibu halikubadilika.

Wazungu wanawaita mbwa kwa sababu wanabweka. Si mbwa. Ni kindi wa ardhini, mnene, anaishi na ukoo wake, anafyeka nyasi ili amwone adui akija. Canada nzima wamebaki kwenye kona hiyo moja.

Bi Gulshan ni mjane, mzaliwa wa Tanga, mkazi wa Crescent Town, mtaa wa mji wetu huu wa mashariki mwa Canada. Marehemu mumewe aliendesha moteli huko magharibi, akanunua kipande cha mbuga. Sasa mkulima anataka kukikodi, akilime, apande dengu. Kindi wenyewe sheria inawalinda. Nyasi zinazowazunguka ni za Bi Gulshan. Ajibu kabla ya tarehe 15 Juni.

Mvua. Treni ya Weston imechelewa tena.

Jumatano, 30 Mei

Kwa Bi Gulshan. Shikamoo, chai ya tangawizi, bajia za dengu. Gunia la dengu jikoni limeandikwa Saskatchewan. Aliniona nikilitazama.

"Ndiyo, tunazila. Usiandike kama umenifumania."

Mwanawe Nizar anataka mama asaini mkataba wa mkulima. Anasema kwa Kiingereza, mama anajibu kwa Kiswahili, wanaelewana na hawakubaliani. Hoja yake si mbaya. Mama anazeeka, ardhi iko mbali, hakuna anayekwenda kuitazama.

Kisha Bi Gulshan akanigeukia: mwanangu, wewe ungefanyaje? Nikasema kazi yangu ni kuuliza.

"Chai umekunywa, bajia umemaliza, shauri huna. Wakenya nyie."

Nizar alicheka. Mimi pia. Lakini kwetu mzee akikuomba shauri humnyimi. Nilimnyima. Sijisikii vizuri. Ningemnyima tena.

Jumamosi, 2 Juni

Downsview, redio ya jamii, kipindi cha Kiswahili. Nilisoma habari ya kindi. Nilisema tauni, kwa sababu ni tauni. Mwishoni nikasema hakuna mtu aliyeugua. Wengi hawakufika mwishoni.

Simu zikamiminika. Mama mmoja wa Lushoto alishindwa kumaliza sentensi. Huko tauni iliua watu, miaka ya themanini na tisini. Nilijua hilo, sikulifikiria.

Wa mwisho alikuwa Bi Gulshan. Dada yake alikuwa na duka Lushoto miaka hiyo. Sauti ndogo, kavu. Walime, kasema. Walime mpaka uzioni. Nimwambie Nizar kwamba mama yake amekubali.

Nikamjibu Nizar ni mwanawe, amwambie mwenyewe.

Jumapili, 3 Juni

Nimeisikiliza rekodi. Kila neno ni sahihi. Mpangilio ndio ulioharibu: kwa watu hawa, habari kwamba hakuna aliyeugua ilipaswa kutangulia.

Nimeshika simu, nimeiweka. Kumpigia ili nimtulize ni kushauri. Kumkutanisha na anayejua ni kazi yangu. Nimemwomba mtafiti nusu saa, Alhamisi.

Alhamisi, 7 Juni

Kwa Bi Gulshan tena. Simu mezani katikati ya vikombe, spika wazi. Mimi mkalimani tu.

Bi Gulshan hakuanza na kindi. Aliuliza: viroboto wanaobeba tauni wakikosa mnyama, wanakwenda wapi? Wanatafuta mwingine, mtafiti akajibu. Ndiyo maana yeye na wenzake hawaui kindi. Wanapuliza unga wa dawa mashimoni, viroboto wafe, kindi wabaki. Plau haiui viroboto hao. Inawabana kindi mahali pamoja, na ukoo mmoja ukifa hakuna mwingine wa kuhamia mahali pake.

Unga utatosha? Hajui. Alisema hivyo bila kuzunguka, nami nikatafsiri hivyohivyo.

"Huyu hasemi uongo," Bi Gulshan akaniambia. "Muulize, dawa anapuliza mwenyewe au anatuma watu?"

Mwenyewe. Kwa magoti, shimo kwa shimo.

"Maskini. Mpe pole."

Nilimpa. Haikutafsirika vizuri. Nizar alikusanya vikombe akavipeleka jikoni. Amekasirika, lakini vikombe kavibeba.

Alhamisi, 14 Juni

Bi Gulshan amekataa dengu. Alimpigia mkulima mwenyewe, hakumtuma mtu. Ng'ombe wa jirani waendelee kulishwa hapo, nyasi zibaki. Mapato ni madogo zaidi. Nizar ameninunia. Haki yake.

Sijui kama ameamua vyema. Kindi wanaweza kufa wote msimu huu, nyasi zikabaki bila mwenyewe. Nimeandika hivyo kwenye aya ya mwisho ya makala. Mhariri alitaka kuikata. Imebaki.

Jumapili, 17 Juni

Nimetembea kando ya mto Humber. Kindi weusi wa hapa wanachomoa mikate kwenye mapipa, hakuna anayewajali.

Bi Gulshan na Nizar wamepanda ndege ya mchana kwenda Regina, mji wa Saskatchewan, wakashuhudie unga ukipulizwa. Kutoka hapo Nizar ataendesha gari hadi mbugani. Hakuna aliyemwomba aende. Mama amefunga bajia za njiani. Kabla ya kuondoka alipiga simu, hakutaka shauri. Alitaka nimuulizie kama huko mashimoni kuna kiti, maana magoti yake hayapigiki tena.

Nimeuliza. Kiti kipo.

Kesho, Jumatatu tarehe 18, saa mbili asubuhi kwa saa za huko, mtafiti na wenzake wanaanza kupuliza unga kwenye mashimo yaliyovuka upande wake wa uzio. Nitapiga simu mchana.