Bibi, Siku Ulizobakiza

Mpendwa Bibi,

Shikamoo. Naanza na salamu kwa sababu hukuwahi kunisikiliza neno lolote kabla yake, hata siku ile nilipokuja mbio kukwambia mbuzi wameingia kwenye mahindi. "Kwanza shikamoo," ulisema, na mbuzi wakaendelea kula.

Sasa naishi Korogwe na mama, chumba kimoja karibu na stendi, na nasoma kidato cha tatu. Nyumba yako ya Handeni imefungwa. Barua hii naiandika wazi ili na wengine waisome, kwa sababu lipo jambo nimeshindwa kulibeba peke yangu, na kwa sababu naamini ziko nyumba nyingine ambazo vita vya Kagera bado havijaisha ndani yake.

Nilikaa nawe miaka saba. Katika miaka hiyo sikukusikia hata mara moja ukisema Babu "alikuwa". Babu yuko. Babu anapenda mlenda. Babu hapendi kelele. Nilipokuwa mdogo nilidhani anafanya kazi mbali, kama baba za wenzangu walioko Dar es Salaam. Na kama mabibi wote wa kwetu, ulinitania kuwa mimi ni mke mdogo wa babu yangu, ukaniita mke mwenzangu. Nikichelewa kuteka maji ulisema, "Mke mwenzangu, mume wetu akirudi leo akakuta ndoo tupu, nitamwambia ilikuwa zamu yako." Nami nilikimbia kweli.

Unakumbuka zahanati? Nesi alikuwa anajaza kadi yako ya presha.

"Bibi, mume yupo?"

"Yupo."

"Yuko wapi, mbona hakukuleta?"

"Yuko safarini. Mbele ya Bukoba huko."

Nesi akacheka. "Basi akirudi aje na yeye tumpime."

"Atakuja," ulisema. Hukucheka.

Habari yenyewe uliniambia kidogo kidogo, mwaka huu sentensi moja, mwaka mwingine mbili. Kwamba Babu alikuwa mkata katani Ngombezi, na mgambo. Kwamba lori liliwachukua Korogwe, na alipanda mikono yake ikiwa bado inanuka katani. Mama alikuwa anajifunza kutembea, Mjomba Rajabu alikuwa tumboni. Ilikuja barua moja. Kisha vita vikaisha, wenzake wakarudi, kambi nzima ya Ngombezi ikapiga ngoma, na mmoja wao akakwambia alimwona mara ya mwisho upande wa pili wa mto Kagera, akiwa mzima. Zaidi ya hapo hakuna mtu aliyekwambia kitu. Ukarudi Handeni kwa wazazi wako na watoto wawili, ukakataa kila mwanaume aliyeleta posa.

Halafu mwalimu wetu wa historia akatuagiza kila mmoja aandike habari ya ndugu aliyepigana vita. Nilifurahi, kwa sababu nilijua nina mtu. Ilikuwa Jumamosi mchana, tunapukuchua mahindi barazani, daftari langu likiwa magotini.

"Bibi, Babu alikuzidi miaka mingapi?"

"Kumi na minne."

Nikajumlisha. "Basi sasa ana themanini na moja." Na kwa kuwa nilitaka insha yangu iwe kamili, nikauliza, "Mtu wa miaka themanini na moja atarudije, Bibi? Ataweza kutembea?"

Uliendelea kupukuchua. Gunzi likabaki tupu na vidole vyako vikawa bado vinalisugua. Kisha ukasema, kwa sauti ndogo, "Mimi nilikuwa namngoja kijana."

Hukula jioni ile, na siku tatu ulikuwa mkimya. Siku ya nne uliniita chumbani. Ulikuwa umevaa kaniki, umevua hereni. "Mke mwenzangu," ulisema, "mume wetu amekufa. Nakaa eda."

Ustadhi alikuja. Alikaa kwenye kigoda, akakwambia kwa upole kwamba baada ya miaka yote hiyo sheria haikudai tena ile miezi minne na siku kumi.

"Nimekusikia, Ustadhi. Lakini wajane wote hapa walikaa, na mimi nikawapikia. Mimi peke yangu nilirukwa."

Ustadhi akainuka kwenye kigoda. "Basi kaa nyumbani kwako umwombee. Hilo halina wa kulikataza."

Mjomba Rajabu hakuja kwa upole. Alitoka Mkumbara na pikipiki, akaacha nyanya zake barabarani kwa mkewe, akasimama mlangoni na kofia ngumu mkononi.

"Mama, watu wananipa pole. Sijui hata nijibu nini."

"Jibu umeshapoa."

"Unamzika baba yangu bila kuniuliza?"

"Nikuulize nini, Rajabu? Wewe ulikuwa tumboni."

"Ndiyo maana! Wewe ulimwona. Mimi sijamwona hata siku moja, na leo unaniambia sitamwona."

Aliondoka bila kunywa maji. Hakurudi tena ukiwa hai, na najua hilo lilikuuma kuliko vicheko vya majirani. Hao uliwaweza. Mama Salima alipokutania, "Mjane mpya, ukitoka tukutafutie mwingine?" ulimjibu, "Mtafutieni mke mwenzangu huyu, lakini amalize shule kwanza."

Nikawa miguu yako. Nilikwenda dukani, kisimani, zahanati kuchukua dawa. Nilihesabu siku nyuma ya daftari la hisabati, mia moja na thelathini, nikizikata moja moja. Na katika siku hizo ulianza kusema "alikuwa". Alikuwa anaimba vibaya. Alikuwa anamwogopa kinyonga, mgambo mzima na bunduki yake. Ulicheka hadi ukakohoa, halafu ukajifunika uso na kaniki, nami nikatoka nje nikajifanya nafagia.

Siku moja nilikuomba msamaha kwa lile swali langu. Ulisema, "Nilichoka kumngoja zamani. Nilikosa mtu wa kuniambia inatosha." Bibi, hadi leo sijui kama ulisema kweli au ulikuwa unanituliza.

Siku ya tisini na tisa niliporudi kutoka shuleni nilikukuta umelala upande, na hukuitikia shikamoo yangu.

Msibani watu walisema ni presha. Mjomba, ambaye habari ya lile swali langu ilikuwa imeshamfikia, hakusema presha. Tulipotoka kuzika aliketi kwenye mkeka mbele ya wote, akanitazama, akasema, "Umewamaliza wote wawili." Mama akamwambia anyamaze. Alinyamaza, lakini neno lilikuwa limeshatoka, na mimi nilikuwa nimeshalisema moyoni kabla yake. Kama nisingejumlisha ile miaka, Babu angekuwa bado yuko mbele ya Bukoba, na wewe ungekuwa barazani.

Sasa nikueleze usiyoyajua. Matanga yalipoanuliwa mama alirudi Korogwe kazini, mimi nikabaki nimalizie muhula. Nilitegemea Mjomba aondoke siku ileile. Alikuja jikoni, hakunitazama.

"Alikuwa amebakiza siku ngapi?"

"Thelathini na moja."

Asubuhi alipanda juu ya nyumba na misumari. Alisema bati linavuja. Bibi, unaijua nyumba yako, ni vyumba viwili. Bati lilimchukua siku tatu. Kisha akatengeneza zizi la mbuzi, kisha mlango wa choo, kisha akakosa cha kutengeneza akakaa tu barazani. Mkewe alikuwa akipiga simu. "Nyanya zinaoza huku!" Nilimsikia hadi jikoni. "Ziache zioze," alisema. Watu wakipita wakimuuliza lini anarudi, alijibu, "Namalizia bati." Hawakumuuliza zaidi. Hakutoka nje ya uwanja. Mimi ndiye niliyekwenda dukani na kisimani, kama ilivyokuwa kwako.

Hatukuzungumza sana. Nilipika, alikula, aliswali. Lakini siku moja aliuliza, akiwa amenipa mgongo, "Alikwambia sura ya baba ilikuwaje?"

"Alisema alikuwa mrefu," nikamwambia. "Na alisema masikio yako ni yake."

Alinyanyua mkono akalishika sikio, akakaa hivyo.

Siku ya mwisho, ya thelathini na moja, alimuuliza Mama Salima hufanywa nini eda inapoisha. Mama Salima alimwambia kwamba mjane huogeshwa, huvishwa nguo mpya, kisha hutolewa nje watu wamwone. Mjomba akawasha pikipiki kwa mara ya kwanza tangu msiba. Alirudi kutoka sokoni na doti mpya ya khanga, nyekundu na nyeupe. Akasimama nayo katikati ya chumba chako.

"Sasa avae nani?" alisema.

Nilianza kulia, naye akageukia ukutani. Baada ya muda aliomba mkasi. Akaikunja doti, akatafuta katikati, akaikata. Kipande kimoja akanipa. Kingine akakitupia begani, akafungua madirisha yote mawili na mlango, na tukatoka nje pamoja, tukasimama uwanjani. Mama Salima alikuwa anatwanga kwake. Alituona, akaweka mchi chini.

Mjomba hakuniambia kwamba amenisamehe, wala mimi sikumuuliza. Bado kuna siku nakaa darasani namsikia akisema lile neno mkekani. Lakini wiki iliyopita mkewe alimpigia mama, akilalamika kwa kicheko kwamba mwanaume mzima analala amejifunika khanga isiyo na mwenzake, na ukiigusa anaamka. Mimi kipande changu nimekikunja chini ya mto. Nikimaliza mitihani nitakwenda Mkumbara kumsalimia. Naogopa kidogo, lakini nitakwenda.

Pumzika, Bibi. Siku zimetimia, zote mia moja na thelathini.

Mjukuu wako,
Zaina