Baba Yenu na Mayai ya Bafuni

Wanangu,

Nimetangulia hospitali na shangazi yenu. Upasuaji wa kupunguza tumbo ni leo mchana. Nguo za wateja zimo kwenye mfuko mwekundu. Yule bibi harusi asiondoke na gauni bila kulijaribu, maana anajidanganya kuhusu kiuno chake kuliko mimi.

Mfungulieni baba yenu bafuni. Nimemfungia.

Alfajiri nilisikia bomba linamwaga maji, nikadhani anaoga. Kumbe amekalia ndoo iliyopinduliwa, sahani ya mayai mapajani, anatafuna huku maji yakifunika sauti! Eti ananihurumia, kwa kuwa mimi siku hizi, kwa amri ya daktari, ni mtu wa uji mwepesi na supu ya kuchuja. Mtu mzima, masharubu yamejaa kiini cha yai! Nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha nikalia kidogo.

Sasa nimejua kwa nini meza hii imekuwa kimya kama msibani. Kumbe nyote mnakula mafichoni.

~~Gauni langu la bluu mpeni shangazi.~~ Hapana, liacheni. Nitalipunguza mwenyewe, cherehani ninayo.

Baba yenu anawe masharubu ndipo aje hospitali.

Nikirudi nitakula vijiko vitatu na kushiba, sawa. Lakini nitavila hapa hapa, na ninyi mtakula mbele yangu, kwa kelele zenu zilezile. Daktari anapunguza tumbo tu. Kiti changu mezani asikiguse mtu.

Mama yenu