Yule Mzee wa Daftari

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipotutoka ukiwa kitini, ukivua viatu vya kazi uliyostaafu zamani.

Wenzako walikuita Magoti, maana miaka ishirini na tisa uliifanya kazi yako ukiwa umepiga magoti. Ulilaza fremu yako ya mbao juu ya nyasi, mita moja kwa mita moja, ukahesabu kila aina ya mmea iliyomo, ukaandika kwa penseli. Wino, ulisema, unaogopa umande. Suruali zako zote zilikuwa na viraka magotini, na Mama alikutania kwamba ameolewa na fundi vigae. Ukija kututembelea hukuweza kupita uani bila kuinama, hata wapangaji wakadhani umeangusha funguo.

Ulikuwa mpole. Hukuwahi kumkatisha mtu maneno, hata alipokosea. Laiti ungetukatisha.

Maana kumbukumbu hii, Baba, tunaiandika kwa aibu, na mwenye aibu kubwa kuliko sote ni kitinda mimba wako.

Ulimsomesha mpaka akaajiriwa katika ofisi ileile ya hifadhi uliyoitumikia wewe, yeye akizisoma nyasi kwa picha za setilaiti na za ndege isiyo na rubani. Ulimsifu kwa majirani mpaka wakaanza kukukimbia. "Mimi fremu moja ilinimalizia asubuhi nzima," uliwaambia. "Yeye uwanda mzima anaumaliza chai haijapoa."

Picha zake zilionyesha kipande cha kaskazini kikiwa na rangi moja tu, iliyopauka. Kwa kawaida penye rangi nyingi pana mimea ya aina nyingi, na penye rangi moja aina ni chache. Akakiandika: duni. Lakini picha zilikuwa za siku moja, tena za mwezi ambao mimea midogo ilikuwa imeshakauka, na yeye hakwenda kupiga goti hata mara moja. Ofisi ikaamua kipande hicho kitolewe kwenye hifadhi, kilimwe.

Ulipozisikia habari hizo ulivaa shati lako jeupe na suruali ileile ya viraka, ukachukua daftari, ukaenda. Ulimkuta mapokezi, amezungukwa na wageni waliokuja kuiona ramani yake.

"Mwanangu, kile cha kaskazini kina vitu," ulimwambia. "Nimevihesabu mwenyewe. Subirini mvua."

Wazee huwaita watu wote wanangu, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Mgeni mmoja akauliza, "Huyu nani?"

Naye akajibu, "Ni mzee aliyekuwa akifanya kazi hapa zamani."

Aliionea aibu suruali yako, Baba. Nawe ulisikia. Uliliweka daftari kwenye kaunta, ukawaaga vizuri wote. Nyumbani ukamwambia Mama, "Wana kazi nyingi. Nimewaachia daftari." Siku ya tisa ukatutoka.

Trekta lilikuwa limeshalima nusu kitinda mimba wako alipolifungua daftari lako. Lilikuwa palepale mapokezi, mpira ulioufunga haujaguswa. Ukurasa wa kipande cha kaskazini ulikuwa na aina thelathini na nane. Chini yake, kwa penseli: "Mwanangu atazipata kwenye picha akipiga baada ya mvua. Macho yake ni makali kuliko yangu."

Alisimama kwenye mkutano wa ofisi, akasema amekosea, na trekta likasimamishwa. Mvua ziliponyesha aliirusha ndege upya, kisha akaifuata kwa miguu na fremu yako mkononi. Katika nusu iliyobaki amehesabu aina thelathini na moja. Saba hazijaonekana, na bado anazitafuta.

Kwenye mkutano ule aliungama kuhusu picha. Kuhusu wewe ulimi ulimshinda. Ndiyo maana ametuomba tuandike hapa, wasome wale wageni na kila aliyekuwepo mapokezi siku ile: yule mzee wa daftari ni baba yake.

Unakumbukwa na mkeo, aliyekataa kuzigawa suruali zako. Na kifungua mimba wako na mumewe. Na mwanao wa kati. Na wajukuu wako wanne, wanaoigombania fremu. Na kitinda mimba wako, ambaye sasa naye ana viraka magotini.

Hatutakusahau kamwe, Baba.