Chukudu Yenye Gurudumu la Chuma

Furaha, mujukuu wangu,

Huku Mapendo tuko wazima. Mama yako anakusalimia. Dada yako amezaa mutoto wa pili, musichana mwenye kelele kama wewe.

Unaniuliza ununue telefone gani kwa kazi yako ya kushona huko Kampala, maana wateja wanakutumia vipimo na picha humo. Za kisasa sizijui. Lakini nikiwa kijana nilinunua chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Nilichagua yenye gurudumu la chuma la Ulaya, na kila mutu aligeuka kuitazama. Gurudumu lilivunjika Munigi, nikitoka upande wa Rutshuru na kabichi. Mwenzangu wa safari, mwenye gurudumu la mbao, naye alivunjikiwa palepale. Fundi wa njiani akamuchongea gurudumu la mbao, akaenda. Langu alilishika, akanirudishia, maana chuma cha namna ile hakuwa nacho. Kabichi zikaoza.

Kabla ya kununua ya pili, nilipita kwanza kwa yule fundi.

Basi nenda kwa mutu anayetengeneza telefone karibu na mashini yako. Muulize ni ipi ambayo vipuri vyake anavyo mezani. Akikutajia yenye sura mbaya, usikasirike. Chukudu yangu ya pili ilikuwa na sura mbaya, na ndiyo ilimusomesha mama yako.

Babu yako