Kikao cha Dharura Kuhusu Shemeji Kuingia Ndani ya Meli Iliyozama

KLABU YA WAZAMIAJI
Siku: Jumatatu, kesho yake baada ya tukio
Mahali: Chumba cha kusubiria wagonjwa, kliniki ya meno ya Mwenyekiti
Kuanza: Saa kumi jioni

Waliohudhuria: Mwenyekiti (daktari wa meno), Mhazini (dada yake Mwenyekiti), Shemeji (mume wa Mhazini, mwalimu wa udereva), Mama Mitungi (mjazaji wa mitungi ya hewa), Katibu.
Asiyehudhuria: Makamu Mwenyekiti, kwa udhuru wa sikio.

KUMB. NA. 1/4: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti aliwakaribisha wajumbe waketi. Shemeji alisema atasimama. Ieleweke kwamba wawili hawa walikuwa hawasalimiani tangu Shemeji alipong'olewa gego na daktari mwingine.

KUMB. NA. 2/4: MASHTAKA
Mwenyekiti alieleza kwamba meli ile, ijapokuwa imelala kwenye kina kifupi hadi jua linafika sitahani, si mahali pa kuchezea, na kanuni aliyoitunga yeye mwenyewe inamkataza mjumbe yeyote kuingia ndani. Shemeji aliingia bila kibali, na shahidi yupo.

Mama Mitungi aliuliza shahidi ni nani. Mwenyekiti alijibu kwamba ni yeye. Mama Mitungi aliuliza alikuwa wapi alipomwona. Mwenyekiti alisema alikuwa jikoni mwa meli. Mama Mitungi aliomba afahamishwe kama jiko hilo liko nje ya meli. Mwenyekiti alifafanua kwamba yeye aliingia kikazi, kuhakiki kama katazo linazingatiwa.

Wajumbe walicheka. Mwenyekiti aligonga meza.

KUMB. NA. 3/4: UTETEZI
Shemeji alieleza kwamba Mwenyekiti alipangiwa kuzamia naye, akakataa, akashuka peke yake. Shemeji, aliyeshuka nyuma yake, alimwona akipotelea kwenye mlango wa jiko, kisha tope likafumuka mlangoni kama moshi.

"Nikasubiri atoke. Hakutoka. Nikasema, huyu bwana hata kama hanisalimii, ni kaka wa mke wangu."

Aliingia kwa kupapasa, akamkuta amenaswa na waya mgongoni, hewa inakaribia kumwishia. Alimpa kipumulio chake cha akiba, akamnasua, akamtoa kwa kumshika mkono.

Mwenyekiti alisema hali haikuwa mbaya kiasi hicho.

Mhazini alisimama.

"Kaka, mimi nilikuwa juu kwenye boti. Niliona mapovu yako yanapungua. Mara yakaja ya watu wawili, yote mahali pamoja. Sikujua kama mnaokoana au mnapigana. Nilishika ukingo wa boti nikiwaza, nikifika nyumbani nitaanza kumwambia mama habari za yupi."



Mwenyekiti alivua miwani. Alisema kwamba mle ndani hakuwa akiuona hata mkono wake mwenyewe, na alishaanza kumwomba Mungu msamaha kwa mambo mengi, likiwemo la gego. Aliposhikwa mkono alijua ni nani, akaona aibu, lakini hakuuachia.

Mwenyekiti aliomba maneno hayo yasiandikwe. Wajumbe walipiga kura yaandikwe.

Azimio: Shemeji apewe onyo kwa kuingia melini bila kibali, na shukrani kwa kosa hilo hilo. Kuanzia sasa Mwenyekiti azamie naye. Shemeji aliuliza kama hakuna adhabu nyepesi zaidi.

KUMB. NA. 4/4: KUFUNGA KIKAO
Mwenyekiti alisema yaliyobaki yatazungumzwa watu wakishatulia, akafunga kikao saa kumi na moja na nusu. Mhazini alikuwa ameshaondoka na gari ambalo mumewe na kaka yake walitarajia kurudi nalo, bila kusema anamwacha nani. Mwenyekiti alizima taa, akafungua mlango na kuushikilia.

"Shemeji, tangulia."

Shemeji alitangulia.

Imesainiwa:
Mwenyekiti (kwa shingo upande)
Katibu